Kupima oksijeni, naitrojeni na haidrojeni ndani ya metali: kuanzia kwenye tupa hadi kwenye namba

Mchemraba wa chuma wenye upande wa nusu sentimita ni mdogo kuliko harage, na uzito wake ni karibu gramu moja. Kama ni chuma safi cha kutengenezea beringi, oksijeni yote iliyomo haifiki mikrogramu 10. Maabara tunaandika chini ya ppm 10, na ppm moja ni sawa na gramu moja ndani ya tani nzima. Kazi ni kuitoa gramu hiyo kwenye tani yake, kuihesabu, na kuwa na hakika kwamba hatukuiokota njiani.

Hapo kwenye kuokota njiani ndipo kazi ilipo. Mashine za siku hizi zinahesabu vizuri sana. Majibu mabovu niliyokutana nayo kazini, mengi yaliharibika kabla kipande hakijaingia kwenye tanuri: kwenye msumeno, kwenye vidole, kwenye unyevu wa hewa. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye maandalizi. Habari ya kubonyeza vitufe nitaipita, maana kila mashine ina kitabu chake.

Jua kwanza kwa nini unapima

Anayeleta kipande aulizwe kitatumika wapi, kwa sababu gesi hizi tatu zina madhara tofauti.

Oksijeni ndani ya chuma huwa haielei peke yake. Imeshikamana na alumini, silikoni au manganizi, na kufanya punje ndogo za uchafu ambazo beringi ikizunguka mara mamilioni ndizo zinazoanzisha ufa. Kwenye titani mambo ni mengine. Huko oksijeni imeyeyuka ndani ya metali yenyewe na kuipa ugumu, kiasi kwamba madaraja ya titani ya biashara hutofautishwa kwa hiyo: daraja la 1 linaruhusiwa hadi 0.18%, la 2 hadi 0.25%, la 3 hadi 0.35%, la 4 hadi 0.40%. Shaba ya nyaya za umeme huwa na ppm 200 hadi 400 bila tatizo lolote, ila ukiichomelea kwenye moto wenye haidrojeni, haidrojeni hupenya, hukutana na oksijeni ile na kuwa mvuke wa maji uliofungiwa ndani. Shaba hupasuka kutoka ndani.

Naitrojeni ni habari ya nondo. Chuma chakavu kinachoyeyushwa kwa tanuri la umeme hubeba naitrojeni nyingi kuliko chuma kinachotokana na mawe ya madini. Ikizidi, nondo iliyokunjwa leo huweza kukakamaa baada ya muda na kukatika pale pale kwenye kona. Ndiyo maana kiwango cha Uingereza BS 4449 cha mwaka 2005 kinaweka mpaka wa kawaida wa 0.012%, yaani ppm 120, kwenye chuma cha nondo kinapomiminwa.

Haidrojeni ndiyo ndogo kuliko zote na ndiyo inayotisha kuliko zote. Tarehe 25 Agosti 1911, karibu na Manchester katika jimbo la New York, reli ilivunjika chini ya treni ya abiria na watu 29 wakafa. Ndani ya reli zilikuwamo nyufa ambazo hakuna jicho lingeziona kwa nje. Baadaye ilikuja kueleweka kwamba nyufa za aina hiyo hutokana na haidrojeni inayobaki ndani ya chuma kinapopoa haraka. Tunazungumzia ppm chache tu.

Kinachotokea ndani ya tanuri

Kipande hudondoshwa ndani ya kikombe kidogo cha kinywe (grafiti), madini yaleyale yanayopatikana Mahenge na Ruangwa. Kikombe kimebanwa kati ya elektrodi mbili, na umeme mkubwa ukipita ndani yake joto hupanda kupita nyuzi 2,000 kwa muda mfupi sana. Metali ikiyeyuka, kaboni ya kikombe hunyang'anya oksijeni kutoka kwa alumini na wenzake, na oksijeni hutoka kama kaboni monoksaidi. Naitrojeni na haidrojeni hutoka kama zilivyo. Gesi ya kubebea, kwa kawaida heliamu, huzisukuma zote kwenda kwenye vitambuzi.

Kaboni monoksaidi hupimwa kwa mwanga wa infraredi, au hupitishwa kwanza kwenye oksaidi ya shaba yenye moto ili igeuke kaboni dayoksaidi ndipo ipimwe. Kisha kaboni dayoksaidi na unyevu hunaswa kwenye mirija ya kemikali, ibaki naitrojeni peke yake ndani ya heliamu. Hiyo hupimwa kwa jinsi gesi inavyopitisha joto: heliamu hupitisha 0.15, naitrojeni 0.026 tu, kwa vipimo vya wati kwa mita kwa kelvini. Tofauti ni kubwa, kitambuzi kinaiona bila shida.

Sasa angalia haidrojeni: 0.18. Iko jirani mno na heliamu. Kwa hiyo ukitaka kuipima kwa njia hii, gesi ya kubebea ibadilishwe iwe argoni (0.018) au naitrojeni. Anayeelewa namba hizi nne hatachanganya mitungi. Pia ataelewa kwamba heliamu ikiadimika, argoni inaweza kubeba naitrojeni kwenye mashine zinazoruhusu, lakini uwezo wa kuona kiasi kidogo utapungua sana.

Hatua ya 1: kata bila kuunguza

Kata kwa msumeno wa taratibu unaopozwa. Grenda iache. Siku moja nililetewa vipande vya chuma vya beringi kutoka karakana fulani, vimekatwa kwa grenda, pembeni vina rangi ya bluu kama shingo ya tausi. Bluu hiyo ni oksaidi iliyojijenga chuma kilipofika karibu nyuzi 300. Mteja alikuwa ameshaambiwa na maabara nyingine kwamba chuma chake ni kichafu. Nilivikata upya kutoka katikati, nikavisafisha, na chuma kilikuwa kizuri tu.

Fanya hesabu uone. Mchemraba wetu wa gramu moja una eneo la nje la sentimita za mraba 1.5 hivi. Uvike oksaidi ya chuma yenye unene wa nanomita 10, ambayo macho hayaioni kabisa: umeongeza mikrogramu 2.4 za oksijeni, yaani ppm 2.4. Oksaidi ya nanomita 50 inaongeza ppm 12. Chuma cha ppm 8 kitasomeka ppm 20 na mtu atapoteza zabuni. Ndiyo maana pia chembechembe zinazotoka kwenye keekee na kwenye mashine ya kukerezea hazifai kupimia oksijeni: eneo lake la nje ni kubwa mno kwa uzito ule ule.

Hatua ya 2: tupa, asetoni, kibano

Shika kipande kwenye jiliwa dogo safi. Chukua tupa ambayo haijawahi kugusa metali nyingine. Mimi nina tupa tatu zenye alama za rangi, ya chuma, ya titani na ya shaba, na hakuna anayeziazima. Piga tupa kavu, bila mafuta, upande mmoja baada ya mwingine, kuelekea mbele tu. Usisugue kwenda na kurudi. Uso utaanza kung'aa kijivu cheupe. Endelea hadi mistari ya msumeno iishe kabisa na kona zivunjwe kidogo, kwa sababu kona kali hukaa na oksaidi. Usipige kwa nguvu hadi kipande kipate joto. Kikikuchoma kupitia kibano, umeshachelewa.

Kuanzia hapo kidole kisiguse tena. Alama ya kidole ni mafuta na maji, na vyote viwili vina haidrojeni; maji yana oksijeni juu yake. Tumbukiza kwenye asetoni safi, tikisa, toa kwa kibano, kausha kwa hewa ya baridi. Hewa ya moto hairuhusiwi hapa. Pima uzito na uweke kwenye mashine mara moja. Huku pwani, ambako hewa ina unyevu mwaka mzima, hata dakika kumi mezani zinaonekana kwenye majibu ya chuma safi sana. Vikombe vya kinywe navyo vikae kwenye chombo kisichoingiza unyevu, si kwenye boksi lililo wazi.

Kwa chuma cha chini ya ppm 10, tupa pekee wakati mwingine haitoshi, na wengi hung'arisha kwa kemikali au kwa umeme baada ya tupa. Ukifanya hivyo kwa kipande, fanya hivyo hivyo kwa kipande cha rejea, yaani kile ambacho kiasi cha gesi yake kinajulikana tayari.

Hatua ya 3: iamshe mashine taratibu

Iwashe mapema ili vitambuzi vitulie. Kagua shinikizo la mtungi, maji ya kupozea, na uvujaji. Mashine nyingi zina programu ya kujikagua, itumie kila asubuhi. Umeme ukiyumba, nguvu ya tanuri nayo inayumba na kuyeyuka hakulingani, kwa hiyo kiimarishi cha umeme ni sehemu ya mashine, usikihesabu kama anasa.

Piga brashi elektrodi zote mbili. Vumbi la kinywe na ukungu wa metali unaoganda juu yake hunasa gesi. Kagua kemikali za kwenye mirija: ile ya kunyonya unyevu, ambayo mara nyingi ni magnesiamu perklorati, ikigandamana kuwa donge imekwisha kazi, na gesi inaweza hata kushindwa kupita. Neno la tahadhari: perklorati huchochea moto. Usiitupe kwenye pipa lenye pamba, karatasi au asetoni. Ile ya kunasa kaboni dayoksaidi ina sodiamu haidroksaidi, inaunguza ngozi na macho. Vaa glavu na miwani, kila mara.

Hatua ya 4: kipimo tupu

Endesha mashine bila kipande, ila kila kitu kingine kiwe kama kawaida: kikombe kile kile, kijaluba kile kile (kikopo cha nikeli au bati cha kuwekea sampuli), nikeli ile ile kama unaitumia, muda ule ule. Kikombe kichomwe kwanza kwa nguvu kubwa kuliko utakayotumia kupimia, ili kiteme gesi zake zote kabla. Wanaoruka hatua hii hupima kikombe badala ya metali.

Rudia mara nne au tano. Wengi huangalia wastani tu, wauondoe kwenye majibu, basi. Mimi naangalia zaidi mtawanyiko. Kipimo tupu cha mikrogramu 5 kinachorudi 5, 5, 5 ni rafiki. Kinachorudi 1, 4, 2, 6 hakifai hata kama wastani wake ni mdogo, kwa maana hujui utoe ngapi. Mtawanyiko huo unatokana na uvujaji, unyevu, au vikombe vilivyokaa wazi. Utafute uuondoe kabla hujaendelea.

Kumbuka pia kwamba mikrogramu 1 kwenye gramu moja ya chuma ni ppm 1, lakini kwenye gramu 0.1 ya titani ni ppm 10.

Hatua ya 5: ugezi

Ugezi ni kuilinganisha mashine na kiasi kinachojulikana. Tumia vipande vya rejea vyenye cheti, viwili angalau, kimoja chini na kimoja juu ya kiwango unachotarajia, na viwe vya metali inayofanana na yako. Soma cheti chote. Baadhi vimeandaliwa tayari na hukatazwa kupigwa tupa, vingine vinakutaka upige tupa. Baada ya kila vipande kumi hivi, rudia kimoja cha rejea, na umalizie nacho. Kikitoka nje ya mipaka ya cheti, vipande vyote vya katikati vinarudiwa. Inauma, hasa jioni, lakini virudie.

Pale usipopata kipande cha rejea cha naitrojeni nyingi, myeyusho wa potasiamu naitreti uliokaushwa ndani ya kijaluba husaidia, kwa sababu kemia yake inajulikana: 13.85% ya uzito wake ni naitrojeni.

Hatua ya 6: pima, na usome mchoro

Chuma cha kawaida: gramu 1, kikombe kitupu, hakihitaji msaada. Titani: gramu 0.1 hivi pamoja na gramu 1 ya nikeli. Titani ikiwa peke yake hula kaboni ya kikombe, hugeuka kabaidi na kuganda kama uji uliopoa, na gesi hubaki ndani. Nikeli huiweka majimaji hadi naitrojeni itoke. Chuma chenye manganizi nyingi kina shida yake: manganizi huvukiza, hupaka ukuta wa tanuri, na tando hilo hunyonya gesi. Ongeza bati kidogo na upige brashi baada ya kila kipande, usingoje.

Skrini ikikuonyesha namba, usiiamini kabla hujaona mchoro wa jinsi gesi ilivyotoka muda ulivyokwenda. Mlima mmoja uliopanda na kushuka hadi chini ni ishara njema. Kilima kidogo kinachotangulia mlima mkuu wa oksijeni mara nyingi ni uso: oksaidi za chuma huachia oksijeni kwa joto dogo kuliko alumina (oksaidi ya alumini) iliyo ndani. Ukipandisha joto polepole unaweza hata kuvitenganisha viwili hivi, na kujua kiasi gani ni uchafu wa ndani na kiasi gani ni tupa yako iliyokuwa mvivu. Mkia mrefu usiotaka kuisha maana yake kipande hakijayeyuka vizuri.

Kikombe kikipoa, kivunje kwa koleo na utazame. Metali iliyotandaa na kulowana na kinywe ni nzuri. Ukiona donge limesimama peke yake pembeni, jibu lile lifute.

Haidrojeni inakimbia

Atomu ya haidrojeni ni ndogo kiasi kwamba hupita ndani ya chuma kigumu kikiwa mezani kwenye joto la chumba. Kipande chembamba kinaweza kupoteza sehemu kubwa ya haidrojeni yake ndani ya saa chache. Kwa hiyo sampuli ya chuma kilichoyeyuka ichotwe, itumbukizwe papo hapo kwenye maji baridi huku inakorogwa, kisha ihifadhiwe kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, au barafu kavu. Fungua madirisha: naitrojeni inayochemka kwenye chumba kidogo hufukuza hewa, na mtu huzirai bila kusikia harufu yoyote.

Wakati wa kupima, kipande kikitoka kwenye baridi hushika ukungu wa barafu mara moja. Kitumbukize kwenye asetoni kiyeyushe ukungu, kikaushe, kipime uzito, kiingize. Dakika moja au mbili, si zaidi. Hapa maji ndiyo adui: mikrogramu 9 za maji, tone dogo ambalo ni rahisi kulipita bila kuliona, zina mikrogramu 1 ya haidrojeni. Kwenye gramu moja hiyo ni ppm 1 nzima, wakati chuma kizima cha reli huenda kinatakiwa kisizidi ppm 2.

Mafundi wa kuchomelea hutumia kipimo kingine, mililita kwa gramu 100. ppm moja ni takriban mililita 1.1. Nao huhitaji haidrojeni ile inayotembea tu, ambayo hutolewa kwa kupasha kipande hadi nyuzi 400 hivi bila kukiyeyusha. Usichanganye jibu hilo na lile la kuyeyusha. Ukiyaandika kwenye safu moja bila maelezo utampotosha mtu.

Unga wa keramiki

Hapa kiasi kinageuka. Silikoni naitraidi safi ina naitrojeni 39.94% kwa hesabu ya fomula yake, kwa hiyo gramu moja ingefurika kitambuzi. Chukua miligramu 10 hivi ndani ya kijaluba cha nikeli au bati, na utumie mizani ya tarakimu tano baada ya nukta, maana ukikosea miligramu 0.1 umeshapotoka kwa asilimia moja ya jibu.

Kisha bana kijaluba kitoe hewa. Mililita 0.1 ya hewa iliyobaki ndani ina takriban mikrogramu 90 za naitrojeni, na kwenye miligramu 10 za unga hiyo ni 0.9% ya bure. Fomula ndiyo inayokulinda. Ukipata 41% kwenye silikoni naitraidi, hakuna unga wa namna hiyo duniani; rudi kwenye kijaluba. Alumina vivyo hivyo, oksijeni yake ni 47.07%, na haiwezi kuzidi hapo.

Kuandika majibu

Pima vipande vitatu kwa uchache, na uandike vyote vitatu pamoja na wastani. Taja uzito uliotumia, kipimo tupu ulichotoa, kipande cha rejea na jinsi kilivyosoma siku hiyo, na kiwango ulichofuata: kwa chuma ASTM E1019 au ISO 17053 ya oksijeni, kwa titani ASTM E1409 ya oksijeni na naitrojeni, na E1447 ya haidrojeni. Kwa haidrojeni ongeza saa sampuli ilipochotwa na saa ilipopimwa, na ilikaa kwenye nini katikati.

Vipande vilivyobaki viweke kwenye bahasha kavu yenye namba na tarehe, isipokuwa vile vya haidrojeni, ambavyo vikishapata joto la chumba havina tena cha kusema.